Picha Haina Harufu

Jumatano mchana Bi Mauza hakuwa anapatikana, na Mtaa wa Sikukuu wote ulilijua hilo. Ukimpelekea kitambaa cha kushona ulikuta cherehani imefunikwa kanga, mwenyewe keshajifukiza udi, keshavaa buibui, yuko njiani kwenda Uhindini kwenye onyesho la wanawake. Alikuwa mjane wa Kiarabu wa miaka thelathini na minane. Mumewe alimwachia vyumba viwili, cherehani hiyo, na mtoto mmoja wa kiume, Azzan. Anasa yake duniani ilikuwa hiyo moja tu, picha ya Kihindi mara moja kwa juma, na sidhani kama kuna mtu wa kumlaumu kwa hilo.

Kihindi alikijua cha kuokotaokota, kwa kukulia jirani na Wahindi, lakini ulimi Mungu alimjaalia. Si kila mwanamke wa nyumba ile aliyokaa alikuwa na kiingilio, na wengine waume zao hawakutaka hata kusikia neno sinema. Basi jioni walimngoja uani, wengine wakichagua mchele, wengine wakisukana. Mauza akikaa kitini, picha inaanza upya. Aliimba nyimbo zisizo na maneno, alilia kilio cha mama mkwe, na akifika penye mapenzi aliwafukuza watoto, nao wakajificha nyuma ya mlango wa jikoni wakasikia yote.

Picha iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ya kijana mwanafunzi, ndevu hazijamwota, aliyenyimwa mchumba akaanza kunywa. Mauza alisimama kabisa siku ile. Alishika chupa ya mafuta ya taa akaonyesha kijana anavyoinywa, nywele zimemwangukia usoni, mvua inamnyea, na bado anaimba. Halafu mama yake anatokea. Anauchukua mkono wa mwanawe anauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, aape kwa uhai wa mama, na kijana analia, anaipiga chupa ukutani, basi, pombe imekwisha. Wanawake walifuta machozi. Mwanamkuu, jirani wa chumba cha mbele, mtu mzima asiyelia ovyo, naye alijifuta kwa pembe ya kanga.

Azzan alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mzuri kupita kiasi, na siku zile ndipo alipoanza kuziachia nywele zake zimwangukie usoni. Mama yake aliziona akacheka. Alimwambia Mwanamkuu, "Mwanangu kawa nyota wa picha."

Mnajua, kwenye picha pombe haina harufu. Kijana wa picha anakunywa chupa nzima na asubuhi shati lake jeupe. Hatapiki kitandani, hajikojolei, mdomo haumnuki. Kwa hiyo siku Mauza alipoiokota kanzu ya Azzan kwenda kuifua, akakutana na ile harufu, hakuelewa ni kitu gani. Aliinusa mara mbili. Mwanamkuu ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya chini, wakiwa karoni.

"Bi Mauza, hiyo ni moshi, ile pombe ya magendo. Wanaipika Jangwani, huko bondeni. Mwanao nimemwona huko na vijana wenzake, sikujua nikuambieje."

"Umemfananisha," alisema Mauza, akaitosa kanzu majini.

Usiku ule hakupata usingizi. Aliona aibu, tena aibu kubwa, maana mtoto wa Kiislamu, mtoto wa watu wanaojulikana, kulewa moshi mabondeni si neno la kulisema mbele za watu. Lakini ukweli ni kwamba chini ya aibu ile palikuwa na kitu kingine, na baadaye alikuja kukiri mwenyewe. Alikuwa ana matumaini. Aliujua mwisho wa kisa hiki. Ameuona kwa macho yake, ameusimulia mara ngapi.

Haukupita muda shemeji yake akaja. Suud, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa na duka la vyakula karibu na soko la Kariakoo, mtu wa maneno machache. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akauliza taratibu.

"Shemeji, nasikia Azzan hayuko vizuri. Hamis ndugu yetu yuko Lindi, anataka mtu wa kumsaidia dukani. Meli inaondoka Jumamosi. Nipe mtoto nimpeleke, akae mbali na hawa vijana mwaka mmoja."

Mlango wa kumwokoa mtoto ulikuwa wazi hapo. Neno moja tu lilitosha.

"Ana homa tu," alisema Mauza. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Hanywi?"

"Wallahi hanywi."

Suud alimtazama kidogo, akamaliza kahawa yake, akaaga. Hawezi mtu kumkadhibisha mke wa kaka yake aliyekwisha kuapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Mauza methali hiyo aliijua vizuri, alishawaambia wengine mara nyingi.

Alasiri ileile alimwita Azzan ukumbini. Aliuchukua mkono wa mwanawe akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Azzan akalia kwikwi, akaapa kwa kaburi la baba yake. Akaingia chumbani, akatoka na chupa, akaenda nayo uani akaipiga ukutani penye karo, ikavunjika vipande vipande. Mauza akamkumbatia pale pale kwenye vigae, wote wawili wanalia. Hakuna aliyekuwa anaigiza. Walikuwa wanaamini, mama na mtoto, na hilo ndilo linaloniuma mimi kila nikikumbuka. Siku ya pili alipika pilau akawagawia majirani bila kusema sababu.

Picha huishia hapo, taa zikawashwa, watu wakarudi kwao. Mtaa wa Sikukuu kulikucha tena kesho yake, na keshokutwa, na vijana wa Jangwani walikuwa palepale. Jumamosi meli ikaondoka kwenda Lindi.

Juma lililofuata, siku ya Jumanne, Azzan alilala hadi karibu na adhuhuri. Mauza alikuwa ameinusa ile harufu tangu alfajiri, akajiambia atamsema akiamka. Alikuwa cherehanini aliposikia anaitwa.

"Mama, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limejaa kitandani, limempiga usoni, na macho yake yalikuwa wazi nayo.

Wenzake wawili waliokunywa naye moshi ule walizikwa kabla ya magharibi siku iliyofuata. Daktari alisema yeye ana bahati. Suud ndiye aliyekwenda hospitali kila siku, akimshika mkono kumpeleka msalani. Hakumkaripia shemeji yake. Alimwambia siku moja tu, kwenye ngazi za hospitali, "Ungeniambia, shemeji." Mauza alisema angependa kupigwa kofi kuliko kuambiwa vile.

Alikaa miezi mingi bila kukanyaga Uhindini. Aliyemrudisha ni Azzan mwenyewe.

"Nenda, Mama, uje unisimulie. Mimi nitaona wapi tena?"

Basi akaenda. Jioni wanawake walikusanyika kama zamani, ila sasa Azzan alikaa mkekani miguuni pa mama yake, nywele zimekatwa. Na picha nayo, kama kwa kusudi, ilikuwa na kijana aliyevunjika moyo. Mauza alipofika pale alisita, akataka kuruka sehemu hiyo.

"Alikunywa?" aliuliza Azzan.

"Alikunywa, baba."

"Akaimba?"

"Akaimba."

Mwanamkuu aliuweka ungo wa mchele chini.

"Na asubuhi, Mama," alisema Azzan, "alipoamka, alikuwa anaona?"

Mauza aliuchukua mkono wa mwanawe. Safari hii hakuuweka kichwani, aliushika tu.

"Alikuwa anaona, mwanangu," alisema. "Wao huwa wanaona."