Nilivyolikunja Goti la Madam

Madam alivunjika pia ya goti jikoni mwake mwenyewe, kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuipiga deki. Nilikuwa nimemwambia bado kuna maji. Akanijibu kwamba nyumba ni yake na hataelekezwa pa kukanyaga na msichana. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Madam alipiga hatua tatu, akaanguka.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kumwinua. Nilisimama. Nilimaliza kukamua kitambaa nilichokuwa nacho mkononi, kisha nikaenda.

Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya ukuta mrefu kule Lavington. Mumewe alishafariki, na mwanawe wa pekee anaishi ng'ambo na hupiga simu Jumapili. Tulibaki sisi wawili ndani na askari langoni. Chakula nilikula baada yake, kwenye sahani iliyokaa peke yake chini ya sinki. Baba yangu alipofariki kwetu Kitui, madam alinipa ruhusa Ijumaa, nirudi Jumapili kabla ya saa sita kwa kuwa alikuwa na wageni. Tulizika Jumamosi jioni. Jumapili niliwapakulia wageni wake wali, udongo wa kaburi ukiwa bado kwenye viatu vyangu. Aliniita kando akaniambia nivue viatu, nachafua zulia. Hakuuliza mazishi yalikuwaje.

Naeleza haya ili ijulikane nilichokuwa nacho moyoni siku tulipoanza matibabu ya goti.

Hospitalini walimfunga mfupa kwa waya, wakampiga plasta. Plasta ilipotolewa wiki sita baadaye, goti lilikuwa limekakamaa kama mguu wa meza. Daktari wa upasuaji akamwambia yeye amemaliza yake, iliyobaki ni fiziotherapia. Dereva wa kukodi akatupeleka Parklands, kwenye kliniki ndogo iliyo chini ya fleti, jirani na hekalu.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mwili mkubwa, mikono mipana, sauti ya chini. Madam alidhani atalazwa, apakwe mafuta na kuwekewa mashine. Alimwambia hivyo, tena kwa ukali, kwamba hajaja kucheza. Yule bwana hakumgusa kwanza. Alimwomba atembee na fremu yake ya kujishikilia kutoka mlangoni hadi kitandani, akamtazama tu. Kisha akamuuliza anataka mguu ule umfanyie nini.

 Madam alisema anataka kupanda ngazi za nyumba yake, alale chumbani kwake. Tangu aanguke alikuwa akilala sebuleni, nikimsukumia ndoo ya haja asubuhi na jioni.

Bwana yule aliweka mgongo wa kiganja chake kwenye goti zima, kisha kwenye goti bovu, kusikia kama lina joto. Akapima mapaja yote mawili kwa utepe. La mguu mgonjwa lilikuwa limenywea. Akachukua kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, akakilaza ubavuni mwa goti. Digrii arobaini. Ili mtu akae vizuri kwenye kiti anahitaji tisini, akasema, na ngazi zinataka zaidi ya hapo.

"Mama, mimi nitakuona mara mbili kwa wiki," akamwambia. "Kazi yenyewe itafanyika nyumbani, mara tatu kila siku. Nani atakusaidia?"

Madam akaninyooshea kidole bila kunitazama.

Basi akanifundisha mimi. Kwanza, taulo iliyokunjwa chini ya goti, mgonjwa ailalie na kuigandamiza ili paja liamke. Pili, kuinua mguu ukiwa umenyooka. Tatu, kisigino kiteleze juu ya shuka kuelekea makalioni, na hapo ndipo penye kazi. Aliuchukua mkono wangu mmoja akauweka juu ya goti la madam, wa pili akauweka kwenye kifundo cha mguu.

"Akifika mahali goti linakataa, sukuma kidogo. Shikilia, hesabu mpaka kumi, achilia polepole. Atalalamika. Usiache eti kwa sababu amelalamika."

Maneno hayo niliyabeba mpaka Lavington kama zawadi. Katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyewahi kuniambia kwamba malalamiko ya madam yanaweza kupuuzwa.

Wiki ya kwanza nilihesabu sawasawa. Nilisukuma kidogo, nikahesabu kumi, nikaweka barafu iliyofungwa kwa taulo. Alinitukana, na goti likafika hamsini na tano. Wiki ya pili, asubuhi moja, nilimletea chai akasema imepoa. Nikaibadilisha. Akasema hii nayo ni moto sana, na kwamba inaonekana hata huyo baba yangu hakunifundisha kitu kabla hajafa. Nilikiweka kikombe mezani, nikakaa kitandani, nikashika goti.

Siku hiyo nilihesabu kwa Kikamba, lugha ambayo yeye haijui. Nilipofika nyaanya, yaani nane, nilirudi tano. Nikafika nane tena, nikarudi tena. Alianza kulia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Niliitazama saa ya ukutani juu ya kichwa chake, nikaendelea.

Baada ya hapo ikawa desturi. Asubuhi, saa saba, jioni. Sikumpiga, sikumtusi, sikuongeza nguvu kupita nilivyoonyeshwa. Niliongeza muda tu. Aliuma shuka. Alimwita mwanawe. Mara moja mkojo ulimtoka kwa maumivu, nikambadilisha bila haraka yoyote, pazia likiwa wazi na askari akipita nje kumwagilia maua. Najua nilikuwa nafanya nini. Usiku nililala vizuri.

Na goti lilikuwa linakunjika. Sitini na tano, sabini na tano. Kule kliniki mtaalamu alishangaa, akanipongeza, akaanza kumfundisha madam kusimama kwa mguu huo, kuhamishia uzito upande ule na kuurudisha. Madam hakusema neno juu yangu. Mimi pia sikusema.

Wiki ya nne tulifika kliniki goti likiwa limevimba na kung'aa. Mtaalamu aliweka mgongo wa kiganja juu yake, akakaa nao hapo muda mrefu. Akampa madam barafu, akaniita niende naye kwenye korido.

Aliniuliza jioni iliyopita nilihesabu mpaka ngapi. Nikasema kumi. Akaniambia nihesabu pale pale, aone. Nikaanza kwa Kikamba, nikahamia Kiswahili, nikahesabu vibaya, haraka mno, kama mtoto anayesoma asichokijua.

Alinieleza bila kupaza sauti kwamba kuna maumivu ya kazi na kuna maumivu ya kuharibu. Ya kazi hutulia baada ya muda mfupi, na kesho yake goti huamka jepesi. Ya kuharibu hulala na mgonjwa, hukesha naye, goti hupata joto, na kesho hukunjika kidogo kuliko jana. Ukizidi kulilazimisha, linajifunga. Alisema angemwona mtu mwingine yeyote nyumbani kwa mama huyu, leo hii angenitoa.

"Lakini hana mtu mwingine," akasema. "Na hilo nalo unalijua."

Tukarudi ndani. Alimwambia madam kwamba siku tatu ni barafu tu na kupumzisha mguu, na kuanzia hapo mazoezi yahesabiwe kwa sauti, kwa Kiswahili, na ahesabu yeye mwenyewe mgonjwa. Hakutaja sababu.

Garini tulipita Westlands. Karibu na Muthangari, madam akaongea akiangalia dirishani.

"Ulikuwa unafika ngapi?"

Sikuona haja ya kudanganya tena. "Thelathini. Siku zingine zaidi."

"Arobaini na mbili, siku ile ya mkojo. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya shuka."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtaalamu, au mwanawe, au askari. Alisema nesi aliyejaribu kumkunja goti hospitalini baada ya plasta kutolewa alimwonea huruma, kila akilia anaacha, na ndio maana goti lilibaki limekauka. Alihitaji mtu asiyemwonea huruma, na ndani ya nyumba alikuwa naye. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza ni jiko gani hupika haraka.

Mazoezi yaliendelea, yeye akihesabu. Kumi zake zilikuwa kumi kamili. Uvimbe uliisha, paja likaanza kujaa. Digrii tisini, mia moja na tano. Fremu ikawekwa stoo, akapewa mkongojo. Mtaalamu alimfundisha ngazi kwenye kibao cha hatua tatu pale kliniki: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Nilisimama nyuma yake mikono ikiwa tayari, kama nilivyoagizwa. Hakuwahi kuihitaji.

Mwezi wa tano wa mazoezi alipanda ngazi za nyumba yake. Nilikuwa nyuma yake hatua kwa hatua mpaka juu. Alifungua mlango wa chumba chake, akakaa kitandani, akapapasa shuka nilizokuwa nimetandika asubuhi. Kisha akaniambia nifunge vitu vyangu, askari atanifungulia lango kabla ya chakula cha mchana.

Nilidhani ni kwa ajili ya kuhesabu. Nikaanza kuomba msamaha, na nilikuwa naomba kweli.

"Hayo ya goti nimeshayasahau," akasema. "Lakini wewe umeniona nikilia. Siwezi kukaa na mtu kama huyo kwa nyumba."

Niliteremka ngazi zile nikiwa na miguu miwili mizima na nikashikilia ukuta.

Wiki iliyofuata nilienda Parklands kwa miguu, kumwomba yule mtaalamu anitafutie wagonjwa wa kuhudumia majumbani. Nilijua kushika goti, nilijua barafu, nilijua ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema mikono yangu ni mizuri, amewaona waliosomea wasio nayo, na kwamba hatanipeleka kwa mgonjwa yeyote. Aliniambia hivyo akiwa amesimama, na mgonjwa mwingine akisubiri mlangoni. 

Siku hizi nafua nguo kwenye fleti za Muthangari. Mwaka jana nilimwona madam nje ya maduka ya Lavington, akishuka ngazi bila mkongojo. Alinipita karibu kabisa, akatazama mbele. Mimi sikumwangalia usoni. Niliangalia goti, na lilikuwa linakunjika vizuri sana.