Mama, Sukari na Kidonda cha Bwegera

Miaka mitatu kabla ya kidonda, mama aliambiwa ana ugonjwa wa sukari. Alimeza vidonge mwezi mmoja tu, kisha akaviacha kabatini kwa sababu, alisema, haumwi popote. Nilimgombeza hadi sauti ikanikauka.

Wakati wa mavuno alikwenda Bwegera kwenye shamba letu la mpunga, akaingia peku, bua lililokatwa likamchoma mguu. Aliporudi Uvira alikuwa anachechemea.

"Iko kitu kidogo tu," alisema. "Weye unapenda kuogopa-ogopa."

Siku ya tano tangu achomwe nilimkuta amejifunika mablanketi mawili mchana, jua likituchoma sote, yeye anatetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Nikafunua mguu. Soksi ilikuwa imegandamana na usaha. Soksi, kwa joto lile! Alikuwa akivaa ili nisione.

Mimi na dereva tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi hospitali. Daktari alimpima sukari, akaguna. Alinieleza kwamba vijidudu vimetoka kwenye kidonda vikaingia kwenye damu, na sukari ikikaa juu muda mrefu, mwili hauna nguvu ya kuvizuia.

"Muntu wa sukari hangojee siku tano na kidonda," alisema akinikazia macho, kana kwamba mimi ndiye niliyevaa soksi.

Wakamtundikia serumu, chupa ya maji ya mshipani, wakampa antibiotiki na insulini. Siku ya tatu akili zikamrudia. Nilikwenda nyumbani kuoga. Kurudi, nikakuta wamama watatu wa kwaya wamezunguka kitanda, na mama anakunywa chupa ya sukre, soda ya chungwa, kwa mrija.

"Wamama, munafanya nini?"

"Hana nguvu, mutoto yetu. Tumemuletea ya kumupa damu."

Nikamnyang'anya chupa. Mama akawageukia. "Munaona? Minye nilimuzaa, leo ananinyima hata sukre."

Walinitazama kama mchawi. Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Alipona, lakini alikatwa vidole viwili vya mguu. Siku ya kuruhusiwa, nikimsaidia kuvaa sandali, aliniuliza polepole: "Ningekuambia siku ya kwanza, vidole vingebaki?"

Kwa majuma matatu nilikuwa nimejiandalia jibu kali. Nikaliacha, nikamfunga kamba ya sandali.

"Pengine, mama."

Sandali ya pili akaivaa mwenyewe. Siku hizi anajichoma insulini mwenyewe, na kila asubuhi tunagombana juu ya sukari kwenye chai.