Motokari Haijakunywa

Mume wangu alinunua motokari kabla hajajua kuiendesha, na hilo peke yake linatosha kukueleza ni mtu wa namna gani. Vijana waliisukuma hadi mbele ya nyumba yetu ya Kamalondo, Jumapili, watu wakitoka misa, naye ameketi kwenye usukani, uso kaukaza, eti yeye ndiye anayeipeleka. Ilikuwa na rangi ya maziwa na mgongo wa mviringo, na mwenyewe wa kwanza alikuwa mzungu mmoja wa Kampuni aliyekuwa akirudi kwao. Siku hizo ukisema Kampuni hapa Lubumbashi huna haja ya kuongeza jina. Ndiyo iliyochimba shaba, na ndiyo iliyotuamsha kwa king'ora asubuhi, hata sisi tuliokuwa hatuendi kazini.

Nilifurahi, sisemi uongo, lakini nilifurahi kwa sababu yangu. Mama yangu mzazi alikuwa Kilwa yetu, kule kando ya ziwa, si ile ya pwani. Macho yake yalikuwa yanakufa, na mwili nao ulianza kuyafuata. Kila mchuuzi wa samaki aliyekuja mjini aliniletea maneno yaleyale: mama anauliza utafika lini, anataka akuone wakati bado anaweza kuona, na uje na munkoyo wako. Lori la samaki nilikuwa nimelipanda zamani, likaanguka mtoni, likaniachia mguu huu unaochechemea hadi leo. Tangu hapo nikiona lori nageuza uso. Kwa hiyo motokari ilipotajwa nyumbani nilikubali, na vikombe vya munkoyo nilivyouza getini vilisaidia kuileta, kwa sharti moja tu, kwamba safari yake ya kwanza ndefu iwe Kilwa. Mume wangu alikubali mbele ya msalaba wa ukutani. Kukubali hakujawahi kumshinda.

Asiyejua munkoyo nimwambie. Ni uji wa mahindi unaopikwa, unaachwa upoe kidogo, halafu unatiwa mizizi iliyopondwa. Siku ya kwanza ni tamu, hata mtoto anakunywa. Ukiuacha unachachuka, unaanza kuimba ndani ya mtungi, na mwanaume aliyekuja na maneno mengi anaondoka akitafuta ukuta wa kushika. Mafundi cherehani wa mtaa mzima walikuja kwangu saa sita mchana, na suruali za watu zilishonwa jioni kadiri Mungu alivyojalia.

Basi, mwezi ukapita, mume wangu akajifunza kuendesha, akagonga kuta alizogonga, nikamkumbusha Kilwa. Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayempa mtu habari mbaya.

"Mama ya batoto," akasema, "motokari haiyakunywa."

Hapo alinikamata. Kwetu mtu akipata kitu kipya, iwe baiskeli, iwe redio, lazima akinyweshe, yaani awaite wenzake, awanunulie kinywaji, na kidogo kimwagwe juu ya kitu chenyewe. Motokari ndiyo kabisa. Isiponyweshwa, wanasema, itajitafutia ya kunywa njiani, na inachokunywa njiani ni damu. Mimi pia niliamini, sijitoi. Nani alitaka kulaliwa na motokari yenye kiu kwenye barabara ya Kilwa, ambayo hata iliyoshiba inapita kwa shida?

Nikasema vizuri, inyweshe. Akasema si kwa kinywaji chochote, ni kwa bia ya chupa, na shefu wake, mkubwa wa ofisi, awepo, kwa sababu kunywesha bila shefu ni kumwaga bure. Na bia ya chupa ilikuwa imepotea. Ule ulikuwa wakati wakubwa walipogawiwa maduka na magari ya wageni, wakauza vilivyokuwamo, wakala, wakaanza kuuliza kwa nini hakuna kitu dukani. Wiki hii chupa zipo chumvi haipo, wiki ile vyote havipo, na redio inatuambia tucheze ngoma kwa furaha ya Chama, na chama kilikuwa kimoja tu. Tulicheza. Mume wangu alicheza mbele, na beji yake kifuani.

Cha ajabu ni kwamba ile kiu ya motokari ilikuwa ya safari ya Kilwa peke yake. Kwa kuzunguka mjini haikuwa na kiu hata kidogo. Jumamosi, siku ya Salongo, sitoyeni wote, yaani raia, tuliposhika mafagio kufagia barabara kwa amri, yeye alitoka na ndoo na sabuni yangu akaosha motokari, na mkubwa wa mtaa alipomuuliza akajibu kwamba anaitengeneza nchi kuanzia hapo. Jumapili baada ya misa alivaa abakosti yake nyeusi, ile koti ya Chama isiyotaka tai, akajaza rafiki zake ndani, wakaenda Kampemba kula michopo. Viti vilikuwa bado na plastiki ya fundi, na hakuruhusu itolewe. Wanaume wazima walishuka motokarini na suruali zimegandamana makalioni, wakajifanya hawajui.

Nilikwenda nao mara moja, nikaona. Kampemba kando ya soko kulikuwa na mama mmoja wa michopo ambaye mji mzima ulimjua. Mbuzi anakatwa mbele yako, anaanguka juu ya makaa na mafuta yake, anakuja kwenye karatasi ya mfuko wa simenti na chumvi, kitunguu kibichi, na pilipili inayokutoa machozi bila msiba. Bukari, ndiyo ugali wetu, ya moto pembeni. Nyama ile ilikuwa halali ya mtu yeyote mwenye njaa, lakini wale wenye motokari hawakuja kula nyama. Kila mmoja aliegesha pua ya gari yake barabarani kabisa, milango wazi, redio juu, akala huku ameegemea bodi. Hakuna aliyekaa. Ukikaa, nani atajua ni yako? Mmoja aliuza kitanda akanunua taa za ukungu, na Lubumbashi haina ukungu. Mume wangu alikuwa na kioo cha ndani alichokigeuza ajione yeye, si barabara, na alikuwa akijitazama hata anapotafuna.

Mwezi wa kumi ukaingia, joto la kabla ya mvua, lile linalokufanya uchukie hata nguo yako. Mchuuzi mmoja wa samaki akaja getini. Hakuwa na salamu ndefu. Akaniambia mama haoni tena kwa jicho moja, hali chakula vizuri, na sasa ameacha kuuliza nitakuja lini. Hilo la kuacha kuuliza ndilo lililonichoma. Niliingia ndani nikalia, nikatoka nikamkuta mume wangu anasugua taa za mbele na kitambaa cha mtoto.

Nikamwambia kama ni kunywesha, tunyweshe kwa munkoyo, mtungi upo, tumalize. Akachukia. Akauliza kama nataka shefu anywe kwenye kikombe cha plastiki kama mtu wa pori, tena akiwa mgeni wa mume wangu, ambaye babu yake alitoka kaskazini kujenga reli na akabatizwa kabla ya jirani zake wote. Nikamjibu babu yake alijenga reli kwa nguvu ya munkoyo, kwa hiyo anyamaze. Hakunyamaza, lakini niliona kichwani mwake kitu kinageuka.

Jioni alirudi na kreti mbili za chupa tupu za bia, vifuniko vilivyookotwa kwenye mabaa, na kikombe cha chuma alichochongewa na rafiki yake wa atelie ya vyuma, cha kubania vifuniko kwa nyundo. Mpango wake ulikuwa huu: munkoyo uingie kwenye chupa, ufungwe, na mbele ya watu aseme ni bia mpya ya Kampala. Kwa nini Kampala, hata yeye hakujua. Nilimwambia munkoyo haufungwi. Si siri, hakuna mtu wa Katanga asiyejua, yeye mwenyewe alinyonyeshwa na mwanamke aliyeupika. Munkoyo unahema. Akasema ukishaingia kwenye chupa si munkoyo tena. Nikaona bora nijaze. Alibana vifuniko akipiga nyundo kwa furaha, na mimi nilitaka tu kufika Kilwa.

Jumapili yake tukaenda Kampemba, kreti zote mbili kwenye kiti cha nyuma, zimefunikwa kitenge changu kizuri. Aliegesha juani, kwa sababu kivulini hakuonekana vya kutosha, akafunga vioo vyote ili watoto wasiguse. Rafiki walifika wakasimama kuzunguka motokari. Mama wa michopo akaweka nyama. Tukamngojea shefu, na shefu wa wakati ule akija mapema si shefu. Jua likapanda. Nilisogelea kioo cha nyuma nikasikia kitenge changu kinaimba.

Shefu alifika, mnene, mpole, na abakosti yenye mikunjo mipya, na mume wangu akaanza hotuba. Alikuwa amefika kwenye neno maendeleo.

Chupa ya kwanza ililia kama bunduki. Sisi watu wa mji ule wakati ule masikio yetu yalikuwa yamekwisha kufundishwa, miaka ya vita haikuwa mbali, na hakuna aliyeuliza ni nini. Wote tulijikuta chini. Shefu aliingia chini ya meza ya michopo kwa wepesi ambao tumbo lake halikuahidi. Ya pili, ya tatu, halafu zote zikashikana, na kioo cha nyuma kikatoka. Zilipokwisha, munkoyo ukawa unachuruzika mlangoni, unapita chini ya bodi, unafika kwenye magurudumu. Dari, viti, plastiki, kile kioo cha kujitazamia, vyote vilikuwa uji mtupu. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi na hotuba yake mkononi.

Shefu akachungulia kutoka chini ya meza, na mafuta ya mbuzi shingoni. Akanusa.

"Lakini hii iko munkoyo," akasema, na akacheka, akacheka mpaka akashika mguu wa meza. Mama wa michopo naye akapitisha kidole kwenye mlango wa motokari yetu, akaramba, akasema umechachuka vizuri.

Nikasimama na mguu wangu huohuo mbovu. Nilikuwa nimekasirika hata sioni watu.

"Baba ya batoto," nikasema, "shefu iko, bantu beko, na motokari imekunywa mpaka imetapika. Kesho tunaenda Kilwa."

Mume wangu akainuka, akaikunja hotuba yake. Angebisha kwa lipi?

Barabara ya Kilwa iliila ile motokari kidogo kidogo. Plastiki ya viti ilinata ikatolewa, mwisho wake. Kwenye kila barieri, kizuizi cha njiani, askari walinusa, wakapekua kutafuta mtungi, wakakosa, wakaturuhusu kwa hasira. Mume wangu aliendesha huku akifukuza inzi. Walimfuata wengi kuliko watu wanaomfuata mfalme yeyote. Mimi nilikuwa na kibuyu cha munkoyo mapajani, kimefungwa kwa jani, kinahema.

Tulimkuta mama mlangoni, amekaa kwenye mkeka. Alinijua kwa hatua, kwa ule mguu. Alinishika uso akaupapasa kote, akakosea sikio, akarudi. Jicho lililobaki lilikuwa limekwisha kuzima wiki iliyotangulia. Alisema sauti yangu imenenepa.

Akataka kupanda motokari. Sasa, kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama wa mkewe, wala hamtazami, wala hamwambii neno moja kwa moja, ni heshima na ni haya. Mume wangu akasimama mbali, amegeuka. Nikampandisha mama nyuma, nikakaa naye. Halafu yeye akaingia kwenye usukani, akanyoosha mkono, akashika kile kioo chake, akakigeuza kikatazama dari, asije akamwona mama kwa bahati mbaya. Akatuendesha taratibu kando ya ziwa. Mama alikuwa anagusa kiti, mlango, hewa.

"Inanuka munkoyo yako," akasema. "Mbona ulikawia hivi?"

Nikamwambia motokari ilikuwa haijakunywa, na mila ni mila.

Upepo wa ziwa ukaingia pale kioo kilipokuwa.

"Na miye?" akauliza.

Mume wangu alisikia. Niliiona shingo yake inainama. Nikakifungua kibuyu, nikammiminia mama kwenye kikombe, akanywa polepole mpaka chini, na motokari ikawa inatambaa ili kisimwagike.

Mama alikufa katikati ya mvua zile. Habari ilipofika usiku, mume wangu alitoka na taa kutia petroli, tope limejaa barabarani, kioo cha nyuma ni kipande cha karatasi ngumu. Safari hiyo hakuuliza kama motokari imekunywa.