Beti ya Tatu Haikutoka

Rafiki yangu, keti hapa karibu, maana wewe nakuamini. Ule wimbo watu wanacheza nao kwa harusi hapa Meru, ule wa mama anayeshukuru Mungu kwa boma yake, ni mimi niliutunga. Watu wanadhani nina furaha sana. Wacha nikwambie ulitoka wapi.

Kijana wangu wa kwanza aligombana na baba yake juu ya kahawa. Yeye alitaka ing'olewe, tupande makadamia. Siku moja mzee alifika shamba akakuta miti imeshakatwa. Akamwambia mbele ya majirani, "Hutawahi kula ushibe. Na siku nikifa usinizike."

Kwetu baba akisema hivyo, hiyo si hasira tu. Ni laana, na anayeweza kuiondoa ni yule aliyeitoa peke yake. Kijana alichukua begi akaenda. Laini ya simu akabadilisha.

Halafu mzee akaanza kuugua. Huko hospitali alinishika mkono akasema, "Leta shati ya kijana." Mimi ni mtu wa kanisa, hayo mambo sikulelewa nayo. Lakini nilirudi nyumbani Githongo nikaleta moja aliyoiacha. Mzee akaitemea mate kidogo pale kifuani, vile wazee hubariki, akasema, "Arudi. Nimeondoa." Tulikuwa wawili tu. Tulimzika bila kijana.

Sasa ningemwambiaje? Kwa masomo ya gumbaru, yale ya jioni ya watu wazima, mwalimu alikuwa ametufundisha kuandika barua, lakini ningeituma wapi? Nikaona nitunge wimbo, maana redio iko kila mahali. Beti mbili za kwanza zilikuwa za kushukuru Mungu, vile nyimbo zetu huanza. Ya tatu ndiyo ilikuwa yake: baba yako ameondoa yale maneno, amebariki shati yako, njoo nyumbani.

Studio ilikuwa Kinoru. Yule kijana wa mashine alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Alisikiliza yote.

"Mathe, umeua! Hii tunaitoa peke yake, hatungoji albamu."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Lakini hiyo beti ya mwisho ina huzuni. Watu wanataka kucheza."

"Hiyo ndiyo wimbo wenyewe. Hizo zingine nilikuwa nabisha hodi tu."

Akacheka. "Sawa mathe, nitaiweka."

Hakuiweka. Siku wimbo ulipotoka nilikuwa nakama ng'ombe, redio iko kando. Nikangoja beti ya tatu. Nikasikia kinanda, halafu mtangazaji akaanza kuongea. Nilirudi Kinoru, akaniambia ile sauti alishaifuta. Nikamwambia basi niimbe tena. "Mathe, wimbo umeshika. Ukiugusa sasa utauharibu."

Halafu jirani yangu, huwa anauza kabichi Embu, akaja kwangu bila hata kushusha mzigo.

"Nimemwona mtoto wako! Anabeba magunia sokoni. Na wimbo wako unalia hapo kwa spika."

"Akasema nini?"

"Nilimwambia, wewe, si hiyo ni sauti ya mama yako? Twende nyumbani. Akasema, 'Sikia vile ako na furaha. Nikienda nitampelekea laana.'"

"Ulimwambia baba yake alikufa?"

"Nilimwambia. Akakaa juu ya gunia. Akasema, 'Basi imefungwa.'"

Jirani hakujua mambo ya shati. Na beti ya tatu hakuisikia, sawa na watu wote.

Asubuhi nilienda Embu. Wabebaji wenzake walisema ameondoka, na hakuna aliyejua ni wapi. Naomba kila siku, sijaacha na sitaacha. Lakini nisikudanganye, sioni dalili. Kwa harusi wakiniita mbele, naenda napiga makofi, kwa sababu bibi harusi hajanikosea. Wakifika mwisho wa beti ya pili wanashangilia, na mimi ndani yangu naendelea kuimba peke yangu.

Wimbo ulikataa kubeba haya maneno, basi nakuomba uyabebe wewe. Ukipata kijana wa kutoka Githongo anayebeba mizigo mahali, ako na kovu juu ya jicho la kushoto, mwambie baba yake aliondoa laana akiwa hai, kwa mdomo wake, na mama yake alikuwa hapo akiona. Usipompata, mwambie mwingine, na yeye amwambie mwingine.