Koplo Chepchumba na Maji ya Kihoto

Zeddy Chepchumba alikulia Mau Narok, kwenye viazi na ngano, na maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona utotoni ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Alipopelekwa kikosi cha polisi wa majini pale Naivasha, alimpigia mamake simu akilia.

"Mama, wamenileta ziwani na mimi sijui kuogelea."

"Basi jifunze," mamake akamjibu, "ama urudi tulime."

Akajifunza. Mwenzake, Konstebo Makokha, ndiye aliyemshika kidevu majini mpaka akaacha kuyameza.

Sisi wa Kihoto, mtaa ulio kando ya ziwa hilo, tulimjua wakati ziwa lilipopanda likaingia mtaani. Pale tulipokuwa tukipita na boda, sasa ilikuwa boti. Kila asubuhi alipita kati ya nyumba akiita, "Kuna mtu humo ndani?"

Siku moja tulimpigia kelele kutoka juu ya ghorofa tulikokimbilia: mzee Gachanja bado yuko ndani! Alikuwa amepooza upande mmoja, na mkewe, Wangu, amekataa kumwacha. Maji yameshapita kitanda. Na langoni kwao kulikuwa na kiboko.

Makokha alitaka wangoje watu wa wanyamapori.

"Tukingoja tutamkuta amekufa," Chepchumba akasema.

Wakazima injini, wasimshtue mnyama wala kunasa kwenye seng'enge zilizozama, wakasukuma boti kwa mti mrefu hadi nyuma ya nyumba. Makokha aling'oa vyuma vya dirisha kwa mtaimbo. Chepchumba akaingia.

Wangu alikuwa amesimama, maji kifuani, amekiinua kichwa cha mumewe kwa mikono miwili.

"Mathe, njoo wewe kwanza," Chepchumba akamwambia mama huyo.

"Siendi. Mtoe yeye."

Hakubishana naye. Alimvalisha mzee jaketi la kuokolea, akamvuta akielea hadi dirishani, Makokha akampokea. Wangu alikuwa ndiyo tu ameingia botini kiboko alipotokea kwenye kona, akikoroma.

"Ruka!" Makokha akaita.

"Nenda! Peleka wazee!" Chepchumba akajibu kutoka ndani.

Makokha alisita, kisha akawasha injini, akaondoka. Chepchumba akapanda juu ya boriti chini ya mabati, akabaki hapo huku kiboko akizunguka nyumba. Tukamsikia akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine. Tukasema, huyu mwanamke hajui woga kabisa.

Mchana Makokha alirudi na watu wa wanyamapori. Kiboko akafukuzwa, Koplo akashuka, miguu imekufa ganzi. Nilimuuliza aliwezaje kuimba.

"Nilikuwa naogopa sana," akasema. "Ningenyamaza ningelia, na nyinyi mngenisikia."

Mzee Gachanja alipata homa ya mapafu kwa ajili ya maji yale, lakini akapona. Yeye na Wangu sasa wako kwa binti yao huko Kaptembwo. Na asubuhi iliyofuata siku ile ya kiboko, tuliisikia boti ikipita tena mtaani, Koplo akiita, "Kuna mtu humo ndani?"