Kidole Gumba cha Bosi

Kazi yetu pale Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, ilikuwa kutunza kompyuta za watu: hoteli za kando ya ziwa, mawakala wa forodha, zahanati. Ukikaa ofisini kwetu uliweza kuingia kwenye mashine ya mteja yeyote kama uko kwako. Ndiyo maana kila fundi akitaka kuingia, simu ya bosi ilitetemeka na kumuuliza: Kubali au Kataa? Ni ulinzi mzuri sana, ukimpata mtu mwenye akili wa kuushika. Sisi tulikuwa na yeye.

Nilimwomba bosi amwache kila fundi athibitishe kwa simu yake mwenyewe. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake cha Kampala kwamba ufunguo hukaa kwa mkubwa. Alipenda simu itetemeke mbele za watu, waone anavyohitajika. Alibonyeza Kubali huku anatafuna brosheti za nyama, huku anaendesha gari, huku anasalimiana na mchungaji. Hata kusoma hasomi. Mtu mzima hovyo!

Jumamosi moja alikuwa msemaji wa upande wa bwana harusi kwenye gusaba, ile sherehe ya kuposa, ambako mwenye maneno matamu ndiye mwenye heshima. Mwizi wa mtandao alikuwa ameshaiba nywila ya fundi wetu mmoja, amebakiza kibali tu. Simu ikatetemeka, ikatetemeka tena. Bosi alikuwa katikati ya kusifu ng'ombe wa mahari, akabonyeza Kubali ili inyamaze. Kufika jioni, hoteli moja ilikuwa imefungiwa na mwizi yule mafaili yote, wageni wamesimama mapokezi na masanduku yao, hakuna anayejua nani analala wapi. Bosi akawaambia ni umeme. Umeme, jamani! Nilimdharau siku ile mpaka nikajionea aibu kuitwa mfanyakazi wake.

Jumatatu, habari za mwizi zikiwa zimeshaenea mjini, akaja muuguzi mmoja, mama mwenye zahanati karibu na Petite Barrière, kile kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu. Kuna wanawake wa Goma wanaovuka mpaka kuchukua dawa za UKIMWI kwake, makusudi kabisa, ili majirani wasijue. Majina yao yote yalikuwa kwenye kompyuta tunayoitunza sisi. Yakivuja, kuna ambao wangetupiwa virago nje siku hiyo hiyo.

"Bon, mi nataka jibu moja tu," alisema. "Ule mwizi anaweza kuingia kwangu?"

"Madame, kwako haingii hata inzi," bosi akamjibu, akamvutia kiti. Kisha akaanza hotuba yake ya kufuli na kuta, kwa sauti ile ile aliyosifia ng'ombe.

Uvumilivu ukanishinda. Nikiwa mezani kwangu, nyuma yake, nikaomba kuingia kwenye kompyuta ya zahanati. Simu ikatetemeka mbele yake. Hakukatiza sentensi wala hakuitazama. Alinyoosha kidole tu, akabonyeza.

Nikamgeuzia mama skrini yangu. Akaliona jina la zahanati yake, mlango wazi.

"Umeruhusu nani?" akamuuliza bosi.

"Fundi wangu."

"Umejua namna gani kama ni yeye?"

Mama akasimama, akasema anataka mafaili yake yote leo hii, na yasibaki hata moja kwetu.

"Ngoja, madame, ngoja, nakataa sasa hivi!" Aliikwapua simu, kidole kikazungukazunguka juu ya kioo. Hakujua kitufe cha kukataa kiko wapi.