Kidani cha Mzee

Miaka ya tisini niliuza vitambaa katika duka la Mhindi mjini Kisii. Mwenye duka alipofariki, walimchoma moto kama ilivyo desturi yao, nasi wafanyakazi, watu wa kuzika, tukanong'ona wiki nzima. Baadaye mjane wake akaanza kuvaa kidani cha kioo chenye kiwingu cheupe ndani. Binti yao alikitengenezesha Uingereza.

Siku moja mkufu ukakatika, nikamwokotea.

"Asante, mama," akaniambia. "Huyo ni mzee. Jivu lake kidogo liko ndani."

Nikakibwaga kwenye kaunta, nikakimbilia bomba, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mbele ya macho yake. Alikipangusa kwa ncha ya sari, polepole, kama anayempangusa mtoto uso.

Ijumaa nilifika nyumbani Marani, nikamkuta mama ameanika nafaka ya wimbi juu ya saruji ya kaburi la baba, kama kila msimu. Mjinga mkubwa mimi! Nikaketi pale pale juu ya baba, nikachota wimbi, nikatafuna. Sikuwa nimenawa mikono.